Waziri wa Mazingira, Popote Alipohamia

Nashipai,

Nimekutuma Daraja Mbili ukamuage mjomba wako makusudi kabisa. Namjua kaka yangu, hamfungulii mtu mlango wa kutokea mpaka ale ashibe, kwa hiyo nina saa tatu nzima za kukaa peke yangu hapa mezani. Nguo zako nimeshazikunja. Sweta nimelitia chini kabisa, maana Dar es Salaam hutalihitaji ila najua utalibeba tu. Mambo ya kula, kulala na kupanda basi la kazini sikuandikii. Una miaka ishirini na mitatu na una digrii, ukiunguza wali shauri yako.

Nilitaka kuificha barua hii ndani ya sanduku uikute huko Dar, nikiwa mbali nawe. Hivyo ndivyo anavyofanya mwoga, na uoga wangu mimi umeshafanya kazi ya kutosha. Nitakupa mkononi leo hii ukirudi, halafu nitakwenda kukaa jikoni. Usinifuate mpaka uimalize.

Ni ile hotuba yako ya jana. Ulisimama hapo uani chini ya turubai, mchungaji kaketi, wanakwaya wameketi, Lemara nzima imejaa kwenye viti vya kukodi, ukaanza kusema kwa sauti ile ya mtu aliyesoma. Ukasema ulipokuwa mdogo uliandika barua tatu kwa Waziri wa Mazingira. Ukasema mbili zilirudishwa na ya tatu haikujibiwa mpaka leo, na binamu yako Namnyaki alikufa katikati ya kungoja. Ukasema Jumatatu unaingia kazini kwenye ofisi ya waziri huyo huyo, na swali lako la kwanza litakuwa ni nani aliyewanyamazia. Watu wakapiga vigelegele. Baba yako mkubwa Loishiye, kaka wa marehemu baba yako, akajifuta macho kwa ncha ya shuka lake mbele ya kadamnasi, na wanaume wa kwao hawana mchezo huo. Mimi nilikuwa napakua pilau. Nikaendelea kupakua.

Sasa sikiliza, mwanangu. Usiende kuuliza kule. Mtu unayemtafuta ndiye aliyekupakulia pilau.

Umeruka kidogo hapo, najua. Kaa chini. Uisome polepole, wala usiruke mistari kutafuta mahali ninapojitetea.

Kazi yangu unaijua kwa jina tu: karani wa masjala. Watoto wenzako walikuwa wanasema mama zao ni walimu, ni manesi, wewe unasema mama yangu anapanga mafaili. Haya. Lakini hakuna mwananchi wa huku kwetu aliyeweza kumwandikia waziri moja kwa moja. Juu anaandika cheo cha waziri, chini yake anaandika "kupitia kwa", kisha anataja ofisi yetu hapa mjini. Barua inaingia kwenye dirisha langu, naipiga muhuri wa mapokezi, naiingiza kwenye daftari, naipeleka kwa mkubwa aisaini ipande juu. Kila aliyekuwa na kilio cha miti, maji au wanyama kilipita kwenye vidole vyangu hivi unavyovijua kwa kukubana masikio.

Wewe historia ya cheo hicho umeisoma chuoni, ukaandikia na insha. Mimi nimeibeba kwenye maboksi. Nilipoanza kazi, mazingira hayakuwa na waziri wa kuitwa hivyo. Yalikuwa yamejibanza kwa watu wa Ardhi, mafaili matatu membamba kwenye rafu ya chini kabisa, karibu na ndoo ya deki. Hakuna aliyeyafungua. Mara ikaja miaka ya ruksa, biashara ikafunguliwa. Maduka yaliyokuwa matupu yakajaa, mitumba ikamwagika mpaka barabarani, wageni wakaja na suti zao kukodi mashamba chini ya Mlima Meru, na ghafla kila mkubwa akawa na neno mazingira mdomoni. Ukatufikia waraka: mazingira yametolewa Ardhi, yamewekwa nyumba moja na utalii na maliasili, na sasa neno lenyewe limo kwenye cheo cha waziri. Miaka mitano hivi ikapita, tukapiga kura, waraka mwingine huo: mazingira yametolewa tena, yamepelekwa Ofisi ya Makamu wa Rais, na waziri wake ni Waziri wa Nchi. Yalihamishwahamishwa kama mtoto wa kambo.

Kila yalipohama, ni mimi niliyechukua rula nikakata jina la zamani kwenye jalada na kuandika jipya juu yake. Ni mimi niliyetupa mihuri iliyokufa. Mkubwa wangu, mtu mzima na gari la serikali, alikuwa anatoa kichwa mlangoni ananiuliza, "Mama Nashipai, hivi mazingira siku hizi yako wapi?" Namwambia yako wapi. Wewe unadhani hilo ni dogo? Nilivimba kichwa, nakwambia ukweli. Mjane wa Machame, darasa la kumi na mbili, lakini katika jengo zima ni mimi peke yangu niliyejua waziri fulani leo anaitwaje.

Utaratibu ulisema hivi: barua ikiandikwa kwa cheo kisichohusika, irudishwe kwa mwandishi pamoja na kikaratasi cha maelezo. Basi. Haukusema usimsaidie. Wenzangu walikuwa wanachukua kalamu, wanakata cheo kibovu, wanaandika kizuri pembeni, barua inapanda. Hata mimi nilifanya hivyo kwa watu chungu nzima. Wazee wa Umeru walikuwa wananiletea mahindi mabichi kunishukuru. Kwa hiyo usije ukajiambia mama alikuwa anafuata kanuni. Kanuni nilikuwa naikunja kila siku kabla ya chai ya saa nne.

Sasa tuje kwa Loishiye.

Baba yako alikufa una miaka minne. Alikuwa dereva wa watalii, gari likapinduka akirudi porini, hilo unalijua. Usilolijua ni siku ya pili baada ya mazishi. Tulimzika bomani kwao, juu ya Ngaramtoni. Udongo wa kaburi bado mbichi, mimi nimekaa kwenye kigoda nimejifunga kanga ya kuazima, Loishiye akanijia na wazee wawili. Akasema, "Shemeji, pole sana. Wewe bado kijana, utaolewa huko kwenu. Sisi hatukuzuii. Lakini mtoto ni wa boma." Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayeomba chumvi. Hata hakuona kwamba ananichinja. Kwao hiyo ndiyo haki, na alidhani ananipunguzia mzigo.

Nilikufunga mgongoni nikashuka nawe kwa miguu mpaka barabara ya Nairobi, mvua inanyesha, na nyuma nikasikia wanawake wakisema yule Mchaga ana roho ya jiwe. Baadaye mchungaji alitusuluhisha: ukae kwangu, likizo uende kwao. Nikakubali kwa mdomo. Moyoni niliapa Loishiye hatapata kitu chochote kinachopita mikononi mwangu, maisha yangu yote.

Na yeye, mjinga wa watu, akawa ananiletea maziwa. Kila siku ya gulio anapanda gari la Ngaramtoni mpaka mjini, anasimama kwenye geti la ofisi na kibuyu chake, anangoja nitoke. "Ya mtoto," anasema. Nayapokea, nazunguka nyuma ya choo, nayamwaga mtaroni, namrudishia kibuyu kitupu. Akiuliza mtoto ameyapendaje yale ya wiki iliyopita, namwambia sana, Shemeji, anayagombania. Miaka mingi, Nashipai. Hukuwahi kuonja hata tone.

Barua ya kwanza ilikuja kwenye mfuko wa kata. Nilijua mwandiko kabla sijajua inatoka wapi. Ulikuwa na miaka tisa, uko likizo bomani, na ulikuwa umekandamiza penseli mpaka karatasi ikatoboka. Chini kulikuwa na dole gumba la Loishiye kwa wino wa bluu. Ulikuwa umenakili cheo kutoka kwenye kitabu cha shule, na kitabu chenyewe kilikuwa cha zamani: Waziri wa Ardhi. Waraka wa kuyahamisha mazingira ulikuwa umenifikia mwezi mmoja tu kabla. Uliandika kwamba tangu shamba la maua lijenge nyumba zake za nailoni juu ya boma, maji ya mfereji yananuka dawa. Ng'ombe wanne wametupa mimba. Mwisho ukaandika, "Tunaomba Mheshimiwa Waziri aje ayaonje."

Nilicheka kwa hilo neno. Aje ayaonje! Nikataka kumwita mwenzangu wa meza ya pili nimwonyeshe akili za mtoto wangu. Halafu jicho likatua kwenye lile dole, na kicheko kikaniganda.

Nikavuta kikaratasi nikaandika kwa zile herufi kubwa za ofisini, usije ukanijua: "Cheo hiki hakishughulikii tena mazingira. Andika upya kwa anuani sahihi." Anuani sahihi ni ipi, sikuandika. Maneno manne matano yangetosha, na nilikuwa nayo kwenye ncha ya kalamu. Nikapiga muhuri kwa nguvu hadi wino ukaruka kwenye mkono wa blauzi, ile blauzi yangu nyeupe, nikakaa wiki nzima naifua. Wewe mwenyewe ulinishikia ndoo.

Sasa fika hapa polepole, kwa sababu hapa ndipo pabaya.

Likizo iliyofuata ulipokwenda bomani, nilikupa dumu la lita tano. Unalikumbuka, lile la njano lenye kifuniko cha kamba. Nilichemsha maji mimi mwenyewe, nikayapoza, nikayajaza. Nikakwambia usinywe maji ya kule hata ukifa na kiu, na yakiisha uchemshe mengine kwa saa nzima, ya mvua, siyo ya mfereji. Na kila likizo baada ya hapo, dumu. Ulilia kwa aibu. Ulisema Namnyaki anakucheka, anakuita mzungu wa Lemara. Nilikwambia mwache acheke.

Umeelewa? Barua niliiamini. Niliiamini neno kwa neno, nikamkinga mtoto wangu, nikairudisha. Namnyaki alikuwa na miaka kama yako, mnalala ngozi moja, mnakula sahani moja. Likizo ikiisha nilikuwa nakukumbusha kupitia kwa watu, "Mwambieni arudi na dumu langu." Langu! Dumu la plastiki. Nililidai kama kitu cha dhahabu, na ulirudi nalo kila mara, na yule mtoto akabaki na mfereji.

Shamba lilitulia miaka kadhaa, kisha likabadilisha mikono na kuongeza nyumba za nailoni mbili zaidi. Barua ya pili uliandika uko darasa la saba, na mlikuwa mmejitahidi, maskini. Loishiye alikwenda kwa mtendaji wa kata akauliza cheo, akaandikiwa kwenye kiganja, wewe ukanakili kutoka kwenye kiganja chake: Waziri wa Utalii, Maliasili na Mazingira. Neno kwa neno kilikuwa chenyewe, ila kimechelewa. Ingefika wiki tatu mapema ingekuwa sahihi. Lakini uchaguzi ulikuwa umepita na waraka mpya ulikuwa juu ya meza yangu, bado hata sijaukunjua vizuri. Nilifurahi, Nashipai. Neno hilo ni baya, lakini ndilo lenyewe. Nilifurahi kwamba wamekosea tena na siyo kosa langu. "Cheo hiki hakipo. Andika upya kwa anuani sahihi." Muhuri.

Ni baada ya hiyo uliponiuliza. Ulikuwa hapo mlangoni unamenya ndizi, ukasema, "Mama, kwani barua zetu hazipitii kwenu?"

Nikakujibu bila kugeuka. "Barua za mawaziri hazishikwi na makarani. Zinafunguliwa na wakubwa."

"Basi hao wakubwa wana roho mbaya."

"Sana," nikasema.

Ukaendelea kumenya. Nafikiri ni jioni hiyo ulipoamua kuwa utasomea mazingira. Ulinitangazia mwezi huo huo, nami nikakununulia atlasi.

Namnyaki alikunywa maji ya mfereji mchana, yuko na mbuzi, jua kali. Alianza kutapika kabla hajafika nyumbani. Wakamtandikia kwenye pikapu ya jirani wampeleke hospitali, akafia njiani. Hayo uliyasikia. Loishiye alikuja kunipa habari getini, siku isiyo ya gulio, na mikono mitupu. Nilijua kwa sababu hakuwa na kibuyu. Akasema, "Shemeji, mtoto wangu ameondoka." Na mimi nikasema, "Pole, Shemeji." Nikaomba ruhusa kwa mkubwa, nikaja kukuchukua shuleni, tukapanda msibani. Nilipika kwa ajili ya watu mia mbili na macho yamevimba kwa moshi, na wanawake wale wale wa roho ya jiwe wakanisifu.

Barua ya tatu ilinifikia wiki tatu baadaye. Hii ulikuwa umejifunza. Hukutaka tena wakukamate kwenye cheo. Juu uliandika: "Kwa Waziri wa Mazingira, popote alipohamia." Na ndani, naijua kwa moyo: "Mheshimiwa, hii ni mara ya tatu. Tunaambatanisha mbili za kwanza ili usiseme hatukuandika. Sasa Namnyaki amekufa. Tunaomba ujibu hata kama jibu ni hapana. Baba mkubwa anasema anataka tu kujua kama ulizipata." Na dole.

Hiyo nisingeweza kuirudisha, maana haikukosea kitu. Wala nisingeweza kuipandisha, kwa sababu vile vikaratasi vyangu viwili vilikuwa vimebanwa kwa pini hapo hapo, herufi zangu za ofisini, muhuri wangu, na mkubwa angesoma tu angeuliza: Mama Nashipai, kwa nini hukuandika anuani pembeni kama kawaida yako? Kwa hiyo mbili za kwanza nilizizuia kwa chuki. Ya tatu niliizuia kwa kuogopa. Kati ya hizo, ya tatu ndiyo inayonichoma zaidi, kwa sababu chuki ilikuwa imeshakwisha. Nilimwona Loishiye ameshika sepetu kwenye kaburi la mtoto wake na sikumchukia tena. Nilikuwa nimebaki na mshahara wangu na jina langu tu, nikavichagua hivyo. Nikaipiga muhuri wa mapokezi kwa mazoea, nikaitia kwenye mkoba chini ya kitambaa cha maandazi, nikaja nayo nyumbani.

Usije na ile hesabu ya kuniliwaza, kwamba labda waziri asingeisoma, labda wangemtuma bwana mmoja na chupa ya kuchukulia maji na asingerudi. Hayo nimeshayaota yote. Labda kweli. Lakini sikuwaachia hata nafasi ya kuwa wabaya. Wewe umewachukia watu kwa miaka tisa, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kulisikia jina la Namnyaki.

Na wewe nawe usijifanye malaika hapo ulipokaa. Umelitembeza jina hilo mbali sana. Ulilitaja kwenye insha ya kuingilia chuo, ukalitaja kwenye usaili, na ulirudi ukanihadithia jinsi yule mama wa kamati alivyotoa leso. Ulikuwa unacheka kwa furaha ya kupata kazi. Sikulaumu, ulikuwa na haki ya kufurahi. Ila Namnyaki alikuwa na meno mawili ya mbele yaliyopandana, alikuwa anaogopa kuku, na aliwahi kukuuma mkono kwa sababu ya kipande cha muwa. Hayo sijakusikia ukiyasema hata siku moja. Siku hizi kwenye mdomo wako anakufa tu. Sikutaka kukuonea, lakini nani mwingine atakwambia?

Huko unakokwenda hutakuwa waziri. Utakuwa karani mwenye digrii. Utapewa meza na barua za watu waliokosea cheo, maana wataendelea kukosea, kwa kuwa cheo chenyewe kitaendelea kuhamishwa. Nasikia hata sasa wanazungumza habari za kukigeuza tena. Na itakuja siku moja utakuta barua ya mtu aliyekuumiza, iko mbele yako, na kanuni iko upande wako. Hutasikia shetani akikunong'oneza. Mimi sikusikia kitu. Nilisikia njaa kidogo, ilikuwa karibu na saa saba.

Kwetu Machame, mtu akimkosea mwenzake hata kosa la damu, anampelekea jani la isale, na anayepelekewa jani hilo hana njia, anasamehe. Lile la hapa ukutani nililipanda mwenyewe tulipohamia. Leo nimetoka uani mara mbili nikalishika, nikataka kukukunjia ndani ya bahasha. Nimeliacha kwenye shina lake. Ningekuwa nakufunga mdomo kwa jani, na nimeshakudanganya vya kutosha bila kuongeza na hilo. Kama utanichukia, nichukie kwa nafasi. Nyumba hii utaikuta wazi, ukitaka kuja utakuja, usipotaka nitajua ni kwa nini.

Utauliza kwa nini sijamwambia Loishiye mwenyewe. Nimejaribu. Mara tatu nimefungua mdomo, mara tatu nimeishia kumkaribisha chai. Anakuja mpaka leo, unamwona, amezeeka, ile safari ya gari la Ngaramtoni inamuumiza mgongo, na kibuyu hajaacha. Maziwa nimeanza kuyanywa. Yananishinda kumeza lakini nayanywa.

Jana watu wakitawanyika aliniita pembeni, pale kwenye masufuria. Akanishika mkono, hajawahi kunishika mkono, akasema: "Shemeji, keshokutwa nitakuja stendi kumsindikiza Yeyo." Unajua anavyokuita, mama, kama wanavyowaita mabinti zao. "Nataka nimtume kitu kimoja tu kwa waziri. Amuulize ile barua ya tatu, aliipata au hakuipata? Mimi sitaki ugomvi. Nataka kujua tu kabla sijafa." Nikasema, "Mwambie, Shemeji. Atafurahi."

Basi linaondoka saa kumi na mbili asubuhi na yeye atakuwa amefika saa kumi na moja, namjua. Bahasha ya kaki iko hapa mezani, chini ya karatasi hizi. Zimo zote tatu, na vikaratasi vyangu viwili, na pini ile ile, imeshika kutu. Dole lake limo mara tatu.

Najua ni ukatili kukutwisha mzigo huu siku ya mwisho, tena wewe uliyeziandika. Ningekuwa mtu wa kufanya vingine ningefanya miaka hiyo yote. Kesho nitakuwa pale pale, pembeni yake, nimeshika kikapu chako. Akikuuliza, usinitazame mimi. Mjibu yeye.

Niliyekuzaa,
karani wa masjala.